Mama Kwa Nini na Mafundi wa Lifti

Barua ya tatu niliichapa mimi mwenyewe, kwa hiyo nilijua kilichomo kabla mwenyewe hajajua. Hiyo ndiyo shida ya kuwa sekretari wa idara. Unabeba mambo ya watu mdomoni kama maji, na bado asubuhi unatakiwa uwasalimie vizuri.

Mwenye barua tulimwita Mama Kwa Nini. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hata ukimpa jibu sahihi alikuuliza "kwa nini?" halafu akakungoja, na alikuwa na subira ya ajabu ya kungoja. Alikuwa profesa mshiriki wa anthropolojia, elimu ile ya kuchunguza watu wanavyoishi, wanavyofanya kazi na wanavyotaniana. Alihamia nchini kwetu akiwa na miaka thelathini na tano, mkono mmoja ameshika binti wa miaka minne, mkono wa pili cheti cha uzamivu. Mume waliyekuja naye alivumilia baridi ya majirani kwa miaka miwili, akafunga mizigo akarudi kwao. Yeye akabaki.

Siku hiyo alifungua bahasha palepale mbele ya meza yangu, mkoba bado uko begani. Akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mdogo wangu, hii umeichapa wewe?"

"Ndiyo, Profesa," nikasema.

"Basi angalau haina kosa la tahajia. Ile ya pili walikosea hadi jina langu."

Akaikunja, akaitia mkobani, akaenda darasani. Nilimsikia kupitia ukutani akifundisha saa mbili nzima, sauti haikutetemeka hata mara moja. Mimi ndiye niliyekwenda chooni kufuta macho.

Niseme barua ilisemaje. Ilikuwa inatoka Kamati ya Kupandisha Vyeo, na ilimjulisha kwamba ombi lake la kuwa profesa kamili limekataliwa. Mara ya kwanza walimwambia hajaandika vya kutosha. Akaandika. Mara ya pili wakamwambia majarida aliyoandikia hayana uzito. Akatafuta yenye uzito. Mara hii wakaandika hivi, na nayakumbuka maneno kwa sababu yalipita kwenye vidole vyangu: "Kamati inamshauri ajikite katika jamii anayotoka, ambako mchango wake ungekuwa wa kipekee."

Hapo ndipo penye kidonda. Walipomwajiri walimpa somo moja la kufundisha, somo kuhusu watu wa kwao. Kila mwaka lilelile. Wageni wa chuo wakija, Mkuu wa Idara alimwita aje aeleze mambo ya kule. Redio ikitaka mtu wa kusema kuhusu vurugu za kule, simu ilipigwa kwangu kuuliza kama yupo. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kule. Alikuwa na hamu ya sisi.

Mwaka wake wa tisa hapa, lifti ya jengo letu ilikwama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, naye yumo ndani peke yake. Walimtoa baada ya saa tatu. Mtu mwingine angetoka anatukana. Yeye alipotoka alikaa chini na mafundi kwenye ngazi, akawauliza maswali. Saa zile tatu alikuwa amewasikia juu ya kichwa chake wakiitana, wakitaniana, wakipeana amri kwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia mahali popote. Kesho yake akaenda kwenye karakana yao kuomba ruhusa. Miaka minne alikaa na mafundi wa lifti wa jiji hili. Alivaa ovaroli ya buluu, akapanda hadi vyumba vya mashine juu ya mapaa, akashuka kwenye mashimo yenye grisi na vumbi. Asubuhi za Jumatatu alikuwa akiingia ofisini kwangu ana weusi chini ya kucha, na mimi nilimpa tishu zenye spiriti kabla Mkuu hajamwona.

Kitabu kilitoka, kurasa mia tatu na kitu. Nilikiweka kwenye kabati la vioo la idara. Miaka yote hiyo sikuona mtu hata mmoja akikiazima, na daftari la kuazima liko kwangu.

Sasa kuna huyu tuliyemwita Kalamu Mbili. Alikuwa mwanafunzi wa Mama Kwa Nini, mwenyeji, mtoto wa watu wanaojulikana, daima na kalamu mbili mfuko wa shati, moja ya buluu moja nyekundu. Mama Kwa Nini ndiye aliyempeleka karakana, akamtambulisha kwa mafundi, akamsahihishia tasnifu sura moja baada ya nyingine. Mimi nilizirudufu sura hizo, nyekundu tupu kwa masahihisho yake. Baadaye kijana akaajiriwa idarani, akaandika kitabu chake. Kuhusu nini? Mafundi wa lifti. Magazeti yakamsifu. Moja liliandika kwamba hatimaye amepatikana msomi wa nyumbani anayewatazama watu wake kwa jicho jipya.

Kamati iliyomkataa Mama Kwa Nini, katika kikao hichohicho, ilimfanya Kalamu Mbili profesa kamili. Barua zote mbili nilizichapa mchana mmoja.

Kalamu Mbili alikuja kumwona siku ya tatu. Ofisi ya Mama Kwa Nini ilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya projekta mbovu, dirisha lake halikuwa limefunguka tangu jengo lijengwe. Nilikuwa humo nampelekea mitihani. Kalamu Mbili akabisha, akaingia na tabasamu lililopinda.

"Mama, nimekuja kukusalimia."

"Hongera, Profesa," akamwambia.

"Mama, usiniite hivyo bwana. Wewe ni wewe tu."

"Mimi ni mimi, ndiyo maana sijapanda."

Kalamu Mbili akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Nataka ujue sikuwa na mkono katika uamuzi wao. Na kitabuni nilikutaja. Kwenye shukrani, ukurasa wa kwanza kabisa."

"Uliniweka kati ya mpiga chapa na shangazi yako."

"Lakini Mama..."

"Sikulaumu kwa kuandika," akasema, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza anatafuta maneno. "Mafundi si mali yangu. Ninachouliza ni hiki. Wewe na mimi tumeandika juu ya watu walewale, na mimi ndiye niliyekuonyesha njia ya karakana. Wewe wanasema una jicho jipya. Mimi wanasema nirudi nikaandike juu ya watu wangu. Ulikuwa kwenye korido hizi waliposema. Ulisema nini?"

Kalamu Mbili akashika kalamu zake. "Mazingira hayakuruhusu, Mama."

"Kwa nini?"

Akaangalia saa. Akasema ana kikao. Alipotoka, Mama Kwa Nini akasukuma dirisha lile kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari bovu. Halikutikisika. Akaketi.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwake, ghorofa ya pili, vyumba vitatu vilivyojaa karatasi. Binti yake alikuwepo, sasa mwanamke wa miaka thelathini, muuguzi wa wodi ya watoto, ametoka zamu na soksi za kazi bado mguuni. Simu ililia tukiwa tunakunywa chai. Ni kaka mtu, kutoka kwao. Mama Kwa Nini akaweka sauti ya wazi ya spika maana mikono ilikuwa na vikombe.

"Mdogo wangu," sauti ikasema, "binti yako ameniambia. Mimi sielewi. Wanataka uandike kuhusu sisi, si uandike tu? Tumekukosea nini?"

"Kaka, hamjanikosea. Nimeondoka huko miaka ishirini na sita. Nikija likizo napotea njia ya kwenda kwako. Watoto wako wananicheka ninavyoongea, wanasema naongea kama redio ya zamani. Nitaandika nini?"

"Utatuuliza sisi, tutakwambia."

"Kuuliza ninajua, na ninawauliza hawa. Hawa ndio ninaopanga nao foleni, ndio wanaonitibu meno, ndio niliomlelea mtoto katikati yao."

Kaka akasema polepole, "Kwa hiyo huko wewe si wa kwao, na huku si wa kwetu tena."

Binti akainuka akaizima sauti ya wazi na kumpa mama yake simu sikioni. Baadaye, tukiosha vyombo, alininong'oneza lakini kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni. "Shangazi, mwambie aachane nao. Mimi hapa ndipo kwetu, sijawahi kungoja kamati iniambie. Yeye anataka wampe nini, cheti cha kupendwa?"

"Nataka wasome kitabu!" Mama Kwa Nini akapaza sauti kutoka sebuleni. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Wasome, kisha wanikatae. Nitakubali."

Akakata rufaa.

Kikao cha rufaa kilikaa saa nne asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu iliyopakwa vanishi inayonata viwikoni. Wajumbe walikuwa watano, na Mkuu wa Idara alikaa pembeni. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu. Mama Kwa Nini aliingia na nakala tano za kitabu chake, akaweka moja mbele ya kila mjumbe. Hakuna aliyeigusa. Mmoja aliweka kikombe cha kahawa juu yake.

Walimuuliza kuhusu majarida. Akajibu. Wakamuuliza kuhusu wanafunzi aliowasimamia. Akawatajia kumi na saba, akimweka Kalamu Mbili mahali pake bila kukaza sauti. Mambo yalianza kwenda vizuri, hata mimi nikalegeza mabega. Ndipo mjumbe mmoja mwenye ndevu za kijivu akaegemea mbele. Alikuwa mtu mpole, hilo nalisema kwa haki yake.

"Profesa, tusifichane. Swali langu ni moja. Mtu wa kuja anaweza kweli kuwaelewa watu wetu kwa ndani?"

Nikaandika swali kama lilivyosemwa.

"Nina uraia wa nchi hii kwa miaka kumi na miwili," akajibu. "Lakini tuache hilo. Mheshimiwa, ulishawahi kushuka kwenye shimo la lifti?"

"Hapana."

"Unamjua fundi yeyote wa lifti kwa jina?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ni watu wako kwa namna gani?"

"Ni watu wetu," akasema mwenye ndevu. "Hilo halihitaji maelezo."

"Kwa nini halihitaji?"

"Profesa, tafadhali."

"Miaka ishirini na sita nawauliza watu wa nchi hii maswali na wananijibu. Walionijibu ni wazibua mabomba, wakata tiketi, mafundi. Ni nyinyi tu mnaoniambia jambo halihitaji maelezo. Kwa nini?"

Mwenyekiti akagonga meza na kalamu, akamshukuru kwa muda wake. Alikusanya vitabu vyake mwenyewe. Kile cha chini ya kikombe kilikuwa na duara la kahawa, akakifuta kwa mkono wa blauzi mpaka mlangoni.

Rufaa ikatupwa, wanne kwa mmoja.

Mchana Mkuu wa Idara akaja kwenye meza yangu, akainama kama mtu anayeniuliza habari za watoto. Alikuwa na tabia ya kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Dada yangu, kazi yako sote tunaijua, safi kabisa. Lile swali la mtu wa kuja, liondoe kwenye kumbukumbu. Ni maneno yaliyoponyoka tu."

Katika miaka yangu ya kazi nimefuta mengi. Nimefuta matusi, nimefuta ahadi, niliwahi kufuta ngumi. Niliwaza kodi ya nyumba, niliwaza miaka sita iliyobaki nistaafu.

"Sawa, Mkuu," nikasema.

Kisha sikulifuta. Nilichapa swali lote, na jibu lote, nikapeleka nakala mahali panapotakiwa, ikiwa ni pamoja na kwa mwanasheria wa chuo, ambaye kwa kawaida hasomi chochote. Sijui kwa nini siku hiyo alisoma.

Baada ya wiki tatu ikaja barua ya nne. Hii sikuichapa mimi, ilitoka ofisi ya juu kabisa. Ilisema kwamba baada ya kupitia upya jalada lote, chuo kina furaha kumpandisha Mama Kwa Nini kuwa profesa kamili. Nikakimbia nayo koridoni kama msichana. Alikuwa anasahihisha mitihani. Akaisoma, akaiweka chini ya kikokotoo ili isipeperuke, ingawa mle ndani hapakuwa na upepo.

"Hufurahi?" nikamuuliza.

"Wamenipa kwa sababu ya ulimi wa yule mzee mwenye ndevu. Wanaogopa mahakama." Akavua miwani. "Mdogo wangu, najua ni wewe. Asante, na nitakushukuru maisha yangu yote. Lakini tafuta humu ndani mahali walipotaja kitabu."

Nikatafuta. Hapakuwepo.

Mimi walinihamishia masjala mwezi uliofuata, chumba cha chini chenye majalada na harufu ya karatasi iliyolowa. Ila kabla sijahama lilitokea jambo moja zaidi, na hili ndilo ninalopenda kuwasimulia watu.

Alikuja fundi mkuu wa karakana ya lifti, mzee mwenye mabega mapana aliyekaribia kustaafu. Alikaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu, mfuko wa plastiki magotini, akakataa chai. Mama Kwa Nini alipotoka darasani, mzee akasimama akavua kofia.

"Mwalimu, nimesikia umepanda cheo. Nikasema nije, maana kuna jambo linanisumbua."

Akatoa kitabu mfukoni. Kilikuwa kimevimba kwa kusomwa, kurasa zina alama za vidole vya grisi, pembe zimekunjwa. Mama Kwa Nini akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu aliyepotea.

"Umekisoma?"

"Mara mbili. Mara ya pili nilisoma na mjukuu wangu, ananielekeza maneno magumu. Umeandika vizuri. Umeandika hadi harufu." Akalamba kidole, akafunua. "Tatizo ni sura ya tano. Kugonga."

Sura hiyo naijua. Inaeleza kwamba mafundi hugonga mlango wa chuma mara tatu kabla ya kushuka shimoni, kwa heshima ya mwenzao aliyewahi kuanguka humo. Kurasa arobaini. Watu wachache waliowahi kumtaja Mama Kwa Nini popote walitaja sura hiyo, na Kalamu Mbili alijengea kitabu chake kizima juu yake.

"Kuna nini na kugonga?" akauliza.

Mzee akajikuna shingo. "Tulikutania, Mwalimu. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa tunakudanganya sana, kila mgeni wa karakana tunamdanganya. Tunagonga ili panya watoke."

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Macho yakawa mekundu. "Panya."

"Panya."

"Miaka minne, Fundi! Tumekula pamoja, nimekuja kumwona mkeo hospitali. Hukuweza kuniambia?"

"Niliona aibu. Ulikuwa umeshaandika kwenye daftari, na uliandika kwa uchungu." Akageuza kofia mikononi. "Ila siko hapa kwa ajili ya panya. Vijana tulioajiri baadaye walisikia hadithi ile, sasa wao wanagonga kwa ajili ya marehemu kweli. Panya wenyewe tuliwamaliza kwa sumu zamani. Mwezi uliopita niliingia shimoni bila kugonga, kijana mmoja akanikemea mbele ya watu. Akaniambia sina adabu. Mimi! Uongo ni wangu mwenyewe, halafu nakemewa nao. Na jana, Mwalimu, nimegonga. Nikajikuta nimemkumbuka yule mwenzetu, maana alikuwepo kweli, alianguka kweli. Sasa nieleze wewe uliyesoma. Nilikuwa nagonga kwa ajili ya nani?"

Mama Kwa Nini akapiga meza yangu kwa kiganja, stepla ikaruka. Alikuwa na hasira, nakuapia, hasira ya mtu aliyeibiwa kurasa arobaini. Wakati huohuo mkono wa pili ulikuwa unatafuta kalamu.

"Huyo kijana aliyekukemea, yuko zamu leo?"

"Yuko."

"Twende. Na njiani usiniongeleshe, Fundi, bado sijakusamehe."

Alirudia kazi yote. Akiwa na miaka sitini na moja alivaa tena ovaroli, akashuka tena mashimoni, akaandika makala akikiri kosa lake mwenyewe na kueleza utani ulivyogeuka kuwa adabu. Jarida la kwanza liliikataa, la pili likamshauri aandike kuhusu jamii anayotoka. La tatu liliichapisha mwaka wake wa mwisho kazini. Kalamu Mbili hakurekebisha hata mstari mmoja wa kitabu chake.

Siku ya kumuaga waliazima viti vya plastiki wakavipanga ukumbini. Binti yake alikuja na sare ya kazi. Mafundi kumi na mmoja walikaa safu ya nyuma. Mkuu wa Idara alisoma hotuba, akamshukuru kwa miaka thelathini ya kutuelimisha, ndivyo alivyosema Mkuu, kuhusu mila na desturi za watu wa kwao. Safu ya nyuma ikaangua kicheko. Mkuu akadhani wamefurahi, akatabasamu, akaendelea.

Nilimsindikiza hadi kituoni, nimembebea boksi moja la vitabu, binti yake amebeba mengine mawili.

"Miaka thelathini," akasema.

Basi likaja, akapanda, na kabla hajaketi alikuwa ameshaanza kumuuliza mkata tiketi maswali.